Jua ni la Mungu, Waya ni za Fundi

Mhubiri mmoja ametangaza redioni kwamba jua ni la Mungu, kwa hivyo serikali haina ruhusa ya kudai leseni kwa anayefunga sola nyumbani kwake. Nilizima redio kwa hasira. Upuuzi huu nimeusikia sokoni, matangani, na hata kinywani mwa mwalimu wa fizikia.

Jua ni la Mungu, naam. Betri nayo ilishushwa na malaika? Mto Tana pia ni wa Mungu, na bwawa la Masinga halikujengwa na kila mwenye sepetu.

Kanuni za sola tunazo tangu 2012. Fundi anatakiwa kuwa na leseni ya mdhibiti wa kawi, ambaye leo ni EPRA, ya daraja la T1, T2 au T3 kulingana na mtambo anaoufunga. Wanaopinga hujibu kwamba hii si stima ya Kenya Power, haiwezi kudhuru mtu. Hapo ndipo wanapopotea kabisa.

Stima ya Kenya Power hubadili mwelekeo na kupita kwenye sifuri mara 100 kila sekunde, hivyo swichi ikizimwa cheche hupata nafasi ya kufa. Stima ya paneli na betri, ile mafundi huiita DC, haipiti kwenye sifuri hata mara moja. Cheche ikizuka kwenye kiungo kilicholegea huendelea kuwaka na kuyeyusha shaba. Breka ya kawaida ya nyumba ikifungwa kwenye waya wa paneli inaweza kuungua yenyewe badala ya kukata. Na mchana huwezi kuzima paneli. Maadamu jua linawaka, waya zile ziko hai.

Halafu kuna dharau kwa betri ya volti 12, eti ni ndogo. Inveta ya wati 2,000 ikifanya kazi kwa nguvu zake zote huvuta zaidi ya ampea 160 kutoka kwa betri hiyo ndogo. Fundi aliyemfungia shangazi yangu alitumia waya wa taa, bila fyuzi. Dari ya sebule iliteketea, na fundi hakupokea simu tena.

Najua wengi huiona leseni kama ada nyingine tu, maana kaunti hutoza ada hata kwa kibao cha kinyozi, na jambo hilo linaniudhi kama linavyomuudhi kila mtu. Lakini ada za kinyozi haziwezi kuwa sababu ya kuchezea DC darini juu ya watoto waliolala.

EPRA nao watoke ofisini. Waende madukani wanakouza waya za aluminiamu zilizopakwa shaba, wazinyakue mchana kweupe. Nasi, kabla fundi hajaweka ngazi kwenye ukuta, tumwambie atuonyeshe leseni yake na daraja lake, kisha atuonyeshe mahali fyuzi ya betri itakapokaa.