Kivuli Kisichohitaji Mota

Matajiri wa Dar es Salaam na Nairobi wanauziwa siku hizi mitambo ya nyumba za fahari: taa zinazojizima chumba kikiwa kitupu, nyingine zikijipunguza mwanga kadiri jua linavyopanda, na mapazia yavutwayo na mota kwa amri ya simu. Tamaa hiyo haitachelewa kufika kwetu Chekereni, kwa ndugu zetu waliojaaliwa kipato.

Hatusemi kuwa ni haramu. Mtume wetu (s.a.w.) aliamrisha taa zizimwe watu wanapolala, kama walivyopokea Bukhari na Muslim, kwa kuchelea panya asiburute utambi akaiunguza nyumba. Basi kuidhibiti taa si jambo geni kwetu.

Ama mapazia ya mota, hapo tuna neno. Mtu hujenga ukuta wa kioo ukaelekea magharibi, jua la alasiri likamwingilia, kisha akanunua mota ya kulificha. Lakini pazia liko ndani ya kioo! Joto limekwisha kuingia, na sehemu yake kubwa hubaki chumbani. Ndipo inaponunuliwa na mashine ya kupoza hewa, ambayo ndiyo mlaji mkubwa wa umeme. Na wakulima wa bonde la Pangani, sisi wa majaruba tukiwamo, tumelaumiwa miaka mingi kwamba umwagiliaji wetu unayapunguzia maji mabwawa ya umeme, kuanzia Nyumba ya Mungu hadi Hale. Mpunga unalaumiwa, kioo cha magharibi hakitajwi.

Natuutazame msikiti. Kibla chetu hapa ni kaskazini, kikiegemea mashariki kidogo. Kwa hiyo msikiti wenye safu ndefu huwa na kuta ndefu kaskazini na kusini, na kuta fupi ndizo zipigwazo na jua la asubuhi na la alasiri. Tuko nyuzi 3 na ushei kusini mwa Ikweta. Hata mwezi wa Juni, jua linapofika mwisho wake wa kaskazini, upenu wa mita 1 huutia ukuta kivuli cha karibu mita 2 kwenda chini, bila waya wala betri.

Basi anayejenga mwaka huu na akapenda madirisha mapana, ayaweke upande wa kibla na upande unaokikabili, atokeze paa, na magharibi apande mwarobaini. Mota, ikiwa bado anaitaka, ainunue baada ya hapo.