Hukumu za majaji zifike Makongeni kwa Kiswahili

Wakenya tunawajua majaji wetu kwa siku moja tu, siku ambapo kamera za televisheni ziko mahakamani. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ilipoubatilisha uchaguzi wa rais kwa kauli ya majaji wanne dhidi ya wawili, hata mtoto wa shule ya msingi aliweza kuwataja wanne hao: Maraga, Mwilu, Wanjala, Lenaola. Wiki chache baadaye niliwauliza wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu kama wanajua jambo lingine lolote alilolitenda Jaji Isaac Lenaola katika maisha yake ya kazi. Darasa zima likawa kimya. Mmoja alijitahidi, akasema kwamba ni mtu mrefu.

Siwalaumu. Vitabu vyetu vya shule vimejaa maisha ya wanasiasa, nao majaji huachwa kama watu wasio na historia. Lakini mimi niliyekulia Makongeni, katika nyumba zile za wafanyakazi wa reli, nina sababu ya kumkumbuka jaji huyu kwa kazi aliyoifanya miaka minne kabla ya siku ile, alipokuwa jaji wa Mahakama Kuu, akiketi peke yake bila kamera.

Hebu tuitazame njia aliyopitia. Lenaola alikuwa mmoja wa makamishna wa tume ya kurekebisha Katiba iliyoongozwa na Profesa Yash Pal Ghai, tume ambayo mwaka 2002 ilizunguka katika maeneobunge yote 210 kusikiliza maoni ya wananchi. Mwaka 2003 akateuliwa jaji wa Mahakama Kuu, akadumu huko hadi 2016 alipopandishwa kwenda Mahakama ya Juu. Kwa hiyo ni zaidi ya miaka kumi na miwili ya kusikiliza kesi za mwanzo, ile kazi ambayo wanasheria wenyewe huiona kama ngazi ya kukanyaga ili kufika juu. Naam, ndipo mwananchi wa kawaida humwona jaji uso kwa uso. Huko juu hukutana mawakili na vitabu.

Mwaka 2010 wapangaji wa mtaa wa Muthurwa, hapo Landhies Road kabla hujafika City Stadium, walipeleka ombi Mahakama Kuu. Mwenye nyumba wao alikuwa hazina ya pensheni ya wafanyakazi wa Shirika la Reli, na ndiyo hiyo hiyo iliyomiliki Makongeni. Hazina ilitaka wahame ili ardhi itumiwe kwa faida kubwa zaidi. Maji yakakatwa, vyoo vikabomolewa, watu wakiwa bado wamo ndani. Wengi walikuwa wazee waliotumikia reli, au watoto wao.

Agosti 2013 Jaji Lenaola alitoa hukumu. Hakuwapa wapangaji zile nyumba, wala hakumnyima mwenye mali haki yake ya kuendeleza mali yake. Alichosema ni kwamba namna walivyotendewa ilivunja Katiba, hasa Kifungu cha 43 kinachompa kila mtu haki ya makao ya kufaa na viwango vya kuridhisha vya usafi. Akaziagiza pande mbili zikae zipange utaratibu wa kuhama, na akamtaka Mwanasheria Mkuu aieleze mahakama ni sera na sheria gani zilizopo au zinazoandaliwa kuhusu kufurushwa kwa watu. Sheria yenyewe haikuwako. Ni mwaka 2016 ndipo marekebisho ya sheria za ardhi yalipoweka utaratibu huo, pamoja na notisi ya miezi mitatu. Yaani jaji mmoja, katika kesi ya mwanzo, alilionyesha Bunge pengo ambalo halikuwa limelijaza.

Sasa nije kwenye taaluma yangu, maana msomaji ataniuliza mwalimu wa isimu anatafuta nini mahakamani.

Hukumu ile imeandikwa kwa Kiingereza, na si kwa hiari ya jaji. Kifungu cha 198 cha sheria ya mwenendo wa kesi za jinai kinatamka kwamba lugha ya Mahakama Kuu ni Kiingereza, na lugha ya mahakama za chini ni Kiingereza au Kiswahili. Sheria ya kesi za madai inafuata mkondo huo huo. Haya yamo vitabuni ilhali Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kimekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Katika mahakama ya Makadara, mwendo mfupi kutoka Makongeni, utamsikia hakimu akimhoji shahidi kwa Kiswahili safi, huku mkono wake ukiandika Kiingereza. Na kadiri afisa wa mahakama anavyopanda cheo, ndivyo anavyozidi kuachana na lugha ya wale anaowaamulia.

Wapo watakaosema kwamba lugha ni chombo tu, mradi haki imetendeka. Nawaomba walichambue neno moja ambalo mpangaji yeyote wa Eastlands hulitamka anapolalamika: «walitukatia». Kiambishi wa- kinawataja watendaji. Kiambishi -tu- kinatutaja sisi tuliotendwa. Ile -i- baada ya mzizi -kat- ni ya kauli ya kutendea, inayoonyesha kwamba tendo lilielekezwa kwetu. Ongeza «maji», na una mashtaka kamili kwa maneno mawili. Lugha ya hati za kisheria hupenda kusema kwamba maji yalikatwa, kama nilivyosema mimi mwenyewe hapo juu nilipojitia uanasheria. Nani aliyakata? Alimkatia nani? Mtendaji ametoroka, na mtendwa naye hayupo. Mpangaji hutia sahihi hati ya kiapo ambayo wakili amemwandikia kwa lugha hiyo, kisha jaji huisoma akidhani anasikia sauti ya mpangaji.

Mwaka 2025 zamu ilifika Makongeni. Wakazi walitakiwa kuhama ili kupisha mradi wa serikali wa nyumba za bei nafuu. Nilizungumza na watu kadhaa ninaofahamiana nao huko, wakiwemo walimu wawili. Habari za fidia walikuwa nazo, na uvumi walikuwa nao wa kutosha. Lakini hakuna hata mmoja aliyekuwa amesikia kwamba majirani zao wa Muthurwa, chini ya mwenye nyumba yule yule, waliwahi kwenda mahakamani wakapata hukumu inayoeleza mtu anavyopaswa kuhamishwa. Hukumu ipo, imechapishwa, yeyote anaweza kuipata bila malipo. Mlango uko wazi, ila maandishi yaliyo juu yake hayasomeki kwa wanaouhitaji.

Wenzetu wa Tanzania nao walichelewa. Kwa miaka mingi Kiswahili kilitawala mahakama za mwanzo tu, na rekodi za mahakama za juu zikabaki Kiingereza, hadi sheria ilipobadilishwa mwaka 2021 kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Februari mwaka huo Rais Magufuli alimpandisha Jaji Zephrine Galeba hadi Mahakama ya Rufaa, akimsifu kwa kuandika kwa Kiswahili uamuzi wa shauri lililohusu mgodi wa North Mara. Kumpa jaji cheo kwa sababu ya lugha aliyoitumia ni mtindo ambao siutamani uje kwetu. Lakini Galeba alikuwa amekwisha kuthibitisha kwamba uamuzi unaohusu kampuni kubwa ya dhahabu unaweza kuandikwa kwa Kiswahili na bado ukawa uamuzi.

Ninachopendekeza ni kidogo kuliko hicho. Bunge livifanyie marekebisho vifungu vya lugha ya Mahakama Kuu. Kabla ya hapo, Idara ya Mahakama itoe muhtasari wa Kiswahili, kurasa mbili au tatu, kwa kila hukumu ya Mahakama Kuu inayogusa makao, ardhi na maji. Idara za Kiswahili katika vyuo vikuu zina wanafunzi wanaotafuta kazi ya mradi kila mwaka. Wapewe hukumu hizo wazitafsiri chini ya usimamizi. Nao walimu wa sekondari watakuwa na matini ya ufahamu yenye uhai kuliko yale masimulizi ya sungura na fisi tunayoyarudia kila muhula.

Mimi nimekwisha kuanza na hukumu ya Muthurwa darasani kwangu. Tumekwama kwenye neno la kwanza. Kundi moja linataka tuseme wapangaji «walihama», kwa sababu notisi husema hivyo. Jingine linasema «walihamishwa». Msichana mmoja wa Kaloleni anashikilia kwamba neno ni «walifurushwa», na kwamba aliye na shaka aende akawaulize wenyewe.