Msichana Aliyejifungua Ana Haki ya Dawati Lake
Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu wa Burundi

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka Carama, kaskazini mwa Bujumbura, kuhusu wasichana wanaopata mimba kabla ya kumaliza shule.

Katikati ya mwaka 2018 wizara yako iliamuru kwamba msichana mwenye mimba, pamoja na mvulana aliyempa, wasiendelee na masomo katika shule za kawaida. Wiki chache baadaye amri hiyo ilifutwa. Ulikuwa uamuzi mwema. Hata hivyo, fikra iliyoizaa amri ile haifutiki kwa barua moja.

Amri ile ilijivika sura ya haki kwa kuwataja wote wawili. Lakini mimba huonekana, baba haonekani. Mvulana hukana na kuendelea na masomo. Na mara nyingine mhusika ni mtu mzima asiye na shule ya kufukuzwa. Adhabu humwangukia msichana peke yake. Huo ni ubaguzi, hata kama maandishi hayasemi hivyo.

Katiba yetu ya 2018, kifungu cha 22, inakataza kumbagua mtu kwa jinsia yake. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, ambao Burundi imeuridhia, unaitaka serikali katika kifungu cha 11 impe mtoto aliyepata mimba nafasi ya kuendelea na masomo. Basi mkurugenzi wa shule anayempokea msichana huyo hamfanyii hisani, anatimiza wajibu. Jirani zetu Tanzania, baada ya miaka ya kuwafukuza wasichana kama hao, waliwafungulia milango Novemba 2021.

Mheshimiwa, naomba mambo matatu. Kwanza, waraka ubandikwe katika kila shule, ya serikali na ya binafsi, ukisema wazi kwamba mimba si sababu ya kumfukuza mwanafunzi wala kumnyima mtihani. Pili, mzazi aambiwe apeleke wapi malalamiko yake komunini, na ajibiwe kwa maandishi. Tatu, mwalimu anayempa mwanafunzi mimba afikishwe mahakamani, asihamishiwe shule nyingine.

Waraka huo uwafikie wakurugenzi kabla mwaka mpya wa masomo haujaanza, ili binti anayekuja kujiandikisha akiwa na mtoto mgongoni aandikwe jina kama wenzake.

Kwa heshima,
Mzazi, Carama