Kodi ya miezi sita kabla ya mshahara wa kwanza

Mwandishi, kwenye makala yako ya vijana wanaokuja mjini kutafuta maisha, kwenye kazi umesema kweli, ila kwenye nyumba umepita haraka mno. Hapa Dar es Salaam kinachoumiza zaidi ni kulipa kwa mkupuo. Mwenye nyumba anataka miezi sita, dalali anataka mwezi wake, na bado hujanunua hata godoro. Kijana aliyeshuka juzi stendi ya Magufuli akitokea Kigoma hela hiyo anaitoa wapi?

Mnamwambia akapange Chanika, kule bei nafuu. Sawa, lakini pigeni hesabu ya nauli ya kwenda na kurudi Kariakoo kila siku. Na akianza kama winga, yaani kuwauzia wenye maduka bidhaa zao, hana mshahara, anakula cha juu anachoongeza kwenye bei. Siku asipouza, nauli inatoka mfukoni kwake.

Halafu, wapangaji, muulizeni dalali umeme wa LUKU mnachangia wangapi. Nimeishi nyumba moja ambako mwenye friji na mwenye taa moja tulilipa sawasawa, kila mwezi ugomvi. Na chumba kakitazameni siku ya mvua, si siku ya jua kali kama dalali anavyopenda.

Wenye nyumba, jamani, pokeeni hata miezi mitatu mitatu.