Picha ya jino si selfi

Mashoga zetu, picha za hina na za sahani ya pilau tunazijua kuzipiga, zikatoka zinang'ara. Lakini jino likiuma na daktari akaomba picha kwa simu, wengi humpelekea giza: midomo, ncha ya ulimi na kivuli cha kidole. Aseme nini hapo?

Kwa watu wa visiwani picha hiyo ina thamani. Aliyeko Tumbatu huvuka kwa boti hadi Mkokotoni kabla hata hajaianza njia ya mjini, na pengine ana mtoto mkononi. Picha inayosomeka humsaidia daktari kumwambia aje leo au angoje.

Basi ipigwe vizuri. Piga mswaki, sukutua, futa lenzi kwa kitambaa safi. Kaa karibu na dirisha, mwenzio ashike simu na atumie kamera ya nyuma, tochi ikiwaka. Shavu livutwe taratibu kwa kijiko safi. Simu ikisogezwa mno, picha huwa ukungu. Iache mbali kiasi cha shubiri moja, kisha ikuze kidogo. Mwenzio aguse jino kwenye kioo, asubiri litulie, ndipo apige. Zitakiwazo ni ya mbele, za pande zote mbili, na ya pale panapouma. Na filta za urembo hapana! Hufuta wekundu wa ufizi, na wekundu huo ndio daktari anaoutafuta.

Kubwa zaidi kwetu ni sitara. Wapo wanaovumilia jino bovu miezi kwa kuogopa sura zao kuzunguka kwenye simu za watu, na hatuwalaumu. Lakini daktari hahitaji uso. Ikate picha kibaki kinywa tu, mtumie yeye peke yake, si kundi la familia, na muulize nani mwengine ataiona. Kuuliza si utovu wa adabu. Anayekushikia simu naye awe mtu wako wa siri.

Picha haioni mizizi wala katikati ya meno. Hayo ni ya eksirei. Na uvimbe ukipanda jichoni au ukishuka shingoni, ukapata homa, au ukashindwa kumeza, kufungua kinywa au kupumua, simu iweke chini. Nenda hospitali usiku huo huo, hata kama boti ni ya kukodi.