Kitenge cha Mahafali Mmeshona, Kozi Mmezungumza?

Kama nyumbani kwako kuna mtoto wa kidato cha sita, najua simu yako haipoi. Wazazi wameunda kikundi, mchango umepangwa, kitenge kimechaguliwa (na akina mama wawili wameshanuniana kwa sababu ya rangi), MC kapatikana, mtu wa video kapatikana, keki itakuwa ya ghorofa tatu. Sisemi vibaya, jamani. Mimi mwenyewe kwenye mahafali ya mwanangu nilicheza mpaka nikavua viatu. Mtoto kukaa bweni miaka miwili na kula maharage ya shule si jambo dogo, mpongezeni.

Ila nina swali moja tu. Huyo mtoto anataka kwenda kusoma nini?

Usikimbilie kunijibu "udaktari". Nauliza anachotaka yeye, na umekijuaje. Mimi niliwahi kuulizwa swali hilo nikiwa nimesimama mbele ya watu, nikakosa la kusema.

Mwaka 2012 dada yangu alifariki, mumewe akiwa ametangulia miaka mitatu nyuma. Wakaniachia binti wa miaka saba. Ananiita mama mdogo, lakini kwa kweli mama yake ni mimi. Nimemlea, nimempeleka shule, nimelia naye alipokosa hesabu. Mwaka 2023 akamaliza kidato cha sita, mchepuo wa HGE. Mahafali tukafanya mwezi wa tatu, mtihani wa taifa ukaanza mwezi wa tano. Hajakaa nyumbani hata wiki mbili, jina likatoka: JKT, kambi iko Kigoma. Tukampakia kwenye basi na ndoo yake.

Hapo ndipo wazazi wengi tunapotegwa. Tangu 2013 JKT iliporudishwa kwa vijana wa kidato cha sita, mambo yanaenda kwa mtindo huo. Mtihani mwezi wa tano, kisha kambini, na matokeo kwa kawaida yanatoka mwezi wa saba mtoto akiwa huko huko, anakimbia mchakamchaka alfajiri na simu si ya kushika anavyotaka. Matokeo yakishatoka, TCU inafungua dirisha la udahili, na dirisha hilo halimsubiri mtu amalize gwaride. Kwa hiyo anayejaza maombi ya chuo ni nani? Ni wewe mzazi.

Basi bwana, matokeo yakatoka. Jiografia B, Historia C, Uchumi C. Nikapiga vigelegele mtaa mzima ukajua. Kesho yake nikaenda steshenari ya jirani, pale wanapotoa fotokopi na kujaza fomu za watu. Kijana akafungua kompyuta, akaniuliza, "Mama, anaomba kozi gani?" Nikanyamaza. Nyuma yangu foleni. Miaka kumi na moja namlea huyu mtoto, najua hali bamia, najua anaogopa radi, lakini anataka kuwa nani sijui! Nikasema tu, "Weka uhasibu." Kwa nini uhasibu? Kwa sababu mjomba wake ni mhasibu na ana gari.

Kijana akajaza vyuo vitatu. Kwenye nafasi ya simu akaweka namba yake mwenyewe, eti ili "kurahisisha". Sikukataa, nikaona kanisaidia.

Majina yakatoka, binti kachaguliwa vyuo viwili. Furaha nyingine. Kumbe aliyechaguliwa zaidi ya chuo kimoja anatakiwa athibitishe anakwenda wapi, na namba ya siri ya kuthibitishia hutumwa kwenye simu au baruapepe iliyojazwa kwenye maombi. Simu ile ilikuwa ya yule kijana, na yeye kasafiri kwao kwenye msiba, haipatikani. Niliipiga mpaka kidole kikauma. Siku za kuthibitisha zikaisha na nafasi zote mbili zikapotea. Usiku ule sikulala. Niliona nimeivunja ahadi niliyompa dada yangu kitandani hospitalini.

Binti akarudi kutoka kambini, mweusi, kakonda, kakomaa. Nikamweleza huku nimeinamisha kichwa. Nilitegemea atalia. Akaniambia, "Mama mdogo, afadhali. Mimi nilikuwa nataka sheria." Nikamuuliza mbona hukusema siku zote? "Hukuniuliza. Na niliona mnafurahi."

Halafu akanieleza sababu. Anakumbuka siku ndugu wa baba yake walipokuja baada ya mazishi ya mama yake, wakabeba kabati, wakabeba kitanda, na nyumba wakaweka mpangaji wao. Alikuwa na miaka saba, kakaa kwenye kizingiti anawatazama. Tangu siku hiyo anataka kujua ni karatasi gani ingewazuia. Mtoto amebeba jambo hilo moyoni miaka yote, mimi namtafutia uhasibu kwa sababu ya gari la mjomba.

Dirisha la pili likafunguliwa. Safari hii alijaza mwenyewe, kwa simu yake na baruapepe yake. Akapata sheria.

Msomaji, usije ukajifariji kwamba dirisha la pili lipo tu. Kozi zinazogombewa hujaa mapema, na awamu ya pili mnachagua kilichobaki. Sisi tulibahatika. Wewe mkalishe mtoto sasa, kabla keki haijakatwa, tena si kikao cha familia na baba kavaa miwani. Mchukue mkapike pamoja, au mtembee hadi dukani, muulize akwambie. Akisema anataka muziki, meza mate kwanza. Muulize umfundishe nani, uishi vipi, nani unayemjua anafanya hivyo. Mwisho wa maongezi awe na kozi tatu au nne kwenye karatasi, na wewe uwe na nakala.

Kisha mtazame kama zinawezekana. Mapenzi ya moyo ni kitu kimoja, mchepuo ni kingine. Aliyesoma HKL hawezi kuomba udaktari hata mkeshe kwenye maombi, maana udaktari unataka Fizikia, Kemia na Biolojia zote tatu. TCU hutoa mwongozo wa udahili kila mwaka, unaonyesha kila kozi ya kila chuo inataka masomo gani na ufaulu gani. Upo bure mtandaoni. Kiwango cha chini cha kuingia shahada ni ufaulu wa masomo mawili wenye jumla ya pointi 4, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Lakini hicho ni cha chini tu, kozi nyingi zinataka zaidi. Na akikosa pointi hizo, tafadhali usimwanike kwa majirani. Kuna stashahada kupitia vyuo vya NACTVET, na akitoka huko na GPA ya 3.0 mlango wa shahada unaweza kufunguka. Kuna pia kozi ya msingi ya Chuo Kikuu Huria. Njia ndefu kidogo, lakini hufika.

Suala la mkopo ndilo lililonitoa jasho zaidi ya yote. Bodi ya Mikopo ipo tangu 2005 na yatima hupewa kipaumbele, lakini uyatima wenyewe unathibitishwa kwa cheti cha kifo. Mimi nilikuwa na kibali cha mazishi cha dada, kimekunjwa ndani ya msahafu, nikadhani ndicho. Sicho! Kufuatilia cheti cha mtu aliyefariki miaka kumi na moja nyuma ni safari: serikali ya mtaa, hospitali, ofisi ya wilaya, rudi kesho. Na kikishapatikana, kihakikiwe na RITA kwanza, sawa na cheti cha kuzaliwa. Walioko Zanzibar wanakwenda kwa wakala wao wa usajili wa matukio ya kijamii. Tazama na majina pia. Kama cheti cha kuzaliwa kinasema Mwanaidi na cha kidato cha nne kinasema Mwanahidi, anza kulirekebisha leo.

Mkopo wa binti ulikuja, ila haukutosha ada yote. Tukachangishana, na wale wale wa kikundi cha kitenge walinichangia. Nilimweleza wazi kwamba hiyo si zawadi, akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi mpaka liishe. Bora ajue kabla hajasaini.

Na kama mtoto wako anaitwa JKT, kabla hajapanda basi akuachie bahasha: namba ya mtihani, nakala za vyeti, picha, nywila ya baruapepe yake, na ile karatasi ya kozi. Laini ya simu iliyojazwa kwenye fomu ibaki nyumbani, iwe na chaji. Sio ya steshenari, sio ya "wakala" anayesema ana mtu wake chuoni.

Binti yangu yuko chuoni bado. Likizo iliyopita alikuja na daftari, akaniomba tukae anieleze habari za mirathi. Tulikaa mpaka ugali ukapoa. Akaniuliza kama hati ya nyumba ile ya marehemu niliwahi kuiona. Niliwahi. Iko kwa shangazi yake, Tanga, na mwezi ujao tunakwenda.