Mwani wa Paje: Chombo Kimoja, Bandari Moja

Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Methali hii humjia mtu afikapo Paje siku za bamvua, maji yakisha kupwa, akawaona akina mama wameinama mashambani wakifunga mbegu za mwani kwenye kamba.

Kilimo hiki kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989, kufuatia utafiti ambao Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwa mstari wa mbele. Leo mwani, pamoja na karafuu, ni miongoni mwa mazao makuu ambayo Zanzibar huuza nje, na wakulima walio wengi ni wanawake. Hata hivyo, sehemu kubwa husafirishwa ikiwa imekaushwa tu. Viwanda vya ng'ambo ndivyo vitoavyo humo karajinani, itiwayo katika dawa ya meno, aiskrimu na vipodozi. Sisi twauza jasho, wenzetu wanauza ujuzi.

Sababu mojawapo ni kwamba kila kundi lina lengo lake. Mnunuzi ataka magunia mengi kwa bei ya chini. Mtaalamu ataka mwani wa kotonii, wenye bei nzuri zaidi, upandwe penye kina, kwani joto la bahari limeuangamiza katika maji mafupi. Mama mkulima ataka fedha ya madaftari ya watoto mwezi huu huu. Tena wengi hawajui kuogelea wala hawana mashua. Watengenezaji wa sabuni ya mwani wataka soko la uhakika. Mwenye hoteli ataka ufukwe mweupe. Kila mmoja ana haki katika lake, lakini haki hizo zikijumlishwa hazijawa mpango.

Vyombo vya kutuunganisha havikukosekana. Mwaka 2006 ulianza mpango wa kuwaleta pamoja wakulima, watafiti na Serikali. Mwaka 2020 ikaundwa Wizara ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi. Kilichobaki ni kipimo kimoja kitakachokubaliwa na wote. Nacho kiwe hiki: mradi huu utaongeza shilingi ngapi mkononi mwa mkulima kwa kila kilo? Mradi usioweza kulijibu swali hilo, hata ukiwa na semina nyingi, haufai kupewa fedha ya umma.

Watumishi wa umma hatuna budi kumketisha mkulima mezani kabla mpango haujaandikwa, si siku ya kuuzindua. Kila idara ijue kazi yake, na tarehe ya kuimaliza. Walimu nao wana sehemu yao: hesabu za gharama na faida zifundishwe kwa mfano wa mwani, na watoto wa kike wafundishwe kuogelea, wasije wakazuiwa na kina cha maji kama mama zao.

Bandari ikijulikana, kila baharia atajua kamba ya kuvuta.